Jino Moja la Difu ya Clem

Nimefungua difu ya gari moja mara tano. Kati ya hizo, mara tatu nilikuta imejitengeneza yenyewe.

Sisemi nilikuta imekaa vizuri. Nasema niliilegeza kwa mikono yangu, nikafunga mfuniko, gari likaondoka, na liliporudi nilikuta imekazwa. Tena imekazwa kwa kipimo ambacho mimi mwenyewe hukihangaikia nusu siku.

Najua unachojiuliza. Fundi gani analegeza difu ya mteja?

Tulia. Nitakueleza yote, na nikimaliza unitukane ukitaka.

Naitwa Rolly. Gereji yangu iko Tarlina, kaskazini kabisa mwa South Australia. Tarlina ni pampu mbili za mafuta, jokofu la bia, gereji na mimi. Jirani wa karibu yuko kilomita sabini, na hatupatani.

Mke wangu, Glenda, aliondoka miaka sita iliyopita kwenda Adelaide. Hatukugombana. Alisema hanichukii mimi, anachukia kimya changu, akapakia masanduku yake mawili kwenye lori la barua na kunipungia mkono.

Baada ya hapo nikawa naongea na redio. Kisha nikawa naongea na injini za watu.

Siku niliyojisikia nikiliambia jokofu "lala salama", nikajua hali imekuwa mbaya.

Sasa kuna jambo moja lazima ulijue kuhusu sisi wanaume wa huku. Hatutembeleani.

Mwanaume haendeshi kilomita mia na arobaini kwenda kumwona mwanaume mwenzake eti amemkumbuka. Akifika, swali la kwanza ni "kimeharibika nini?" Asipokuwa na jibu, wote wawili wataangalia chini mpaka mmoja aage. Lazima kitu kiwe kimekufa. Iwe pampu, iwe jenereta, iwe springi ya gari, kitu chochote. Hapo utakaribishwa, utalishwa, utalala siku tatu, na hakuna atakayekuuliza umefuata nini.

Ndivyo tulivyolelewa. Baba yangu alikuwa na rafiki mmoja tu maishani, na urafiki wao ulidumu kwa sababu ya trekta bovu.

Clem Hartigan alikuja mara ya kwanza mwaka juzi, mwezi wa pili, joto likiwa la kuua nzi. Alikuwa mzee wa miaka sabini na moja, mrefu, mkavu, kofia imeliwa na jasho. Kazi yake ilikuwa kuzungukia visima vya maji ya ng'ombe katika ranchi ya Moolaroo. Visima kumi na tisa, yeye na pikapu yake, akiishi peke yake kwenye kibanda cha mabati.

Difu loki yake ilikuwa imegoma.

Kwa wasiojua: difu ni lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, na loki ni kufuli lake; ukibonyeza swichi, kompresa inapuliza upepo ndani ya difu, na magurudumu mawili ya nyuma yanafungwa yazunguke kwa pamoja. Bila hiyo, gurudumu moja likikosa pa kushika kwenye mchanga, linazunguka bure na wewe unabaki hapohapo. Na kule kwenye visima vya Clem, kubaki hapohapo si jambo la kucheza nalo.

Nilipofungua nilikuta mipira inayozuia upepo imekatika, beringi zimekwisha, na kraunwili ina plei ya kutisha.

Plei ni ule upenyo mdogo kati ya meno ya kraunwili, ile gia kubwa ya mviringo, na ya pinioni, gia ndogo inayoizungusha. Ukibana sana, meno yanaungua. Ukiachia sana, yanagonga. Kwa hiyo unapima kwa saa ya kupimia, kile kifaa cha mshale, unageuza nati za pembeni zenye meno yake kingoni, jino kwa jino, unapaka rangi ya njano kwenye meno uone yanakutania wapi, unapima tena. Ni kazi ya siku mbili ukiwa na haraka, na mimi huwa sina.

Clem akageuza pipa tupu, akakaa.

"Wewe kijana, umeoa?" akaniuliza.

Nina miaka hamsini na saba.

"Nimeoa, mzee. Ila yuko Adelaide."

"Basi wako anaweza kurudi." Akaonyesha ardhi kwa kidole gumba. "Wangu yuko hapa chini, mwaka wa tisa huu."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo mazito. Siku zote mbili zilizobaki tuliongea habari za beringi, mvua isiyokuja, na meneja wa ranchi ambaye Clem alisema hawezi kupata maji hata akiwa ndani ya beseni. Aliniuliza maswali kuhusu difu, maswali ya mtu anayejua, lakini mimi nilidhani ni udadisi wa kizee. Tulikula nyama na viazi na bitiruti ya kopo. Alikoroma vibaya sana, na sijawahi kulala vizuri kama siku zile.

Alipoondoka, vumbi lake lilichukua dakika kumi kutoweka. Nilisimama nikalitazama lote.

Kisha nikaingia ndani, na kile kimya kilikuwa kibaya kuliko siku aliyoondoka Glenda. Nisikufiche, nililia. Nililia nikiwa nimeshika spana namba kumi na saba.

Ukifunga beringi mpya, gari lazima lirudi baada ya wiki sita ulipime tena. Clem alirudi. Nikapima, nikarekebisha kidogo, ikakaa kama ilivyotakiwa. Kazi ikawa imekwisha, na hakukuwa tena na sababu ya yeye kuja.

Wakati ameenda msalani, nikalegeza nati ya kushoto jino moja.

Jino moja tu. Nikarudisha kile kibati kinachoishikilia, nikafunga mfuniko, nikajaza oili.

Nilijiambia jino moja haliui mtu. Litaunguruma baada ya kilomita mia chache, atalisikia, atarudi. Ndiyo, niliharibu gari la mzee wa watu ili aje kukaa kwenye pipa langu. Hakuna namna ya kulisema hilo likasikika vizuri, nimeshajaribu.

Alirudi kweli, mwezi wa tano.

"Inaunguruma, kijana," akasema. "Hebu iangalie."

Nikafungua nikiwa na furaha ya mwizi. Nikaweka saa ya kupimia.

Plei ilikuwa sawasawa.

Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu, nikaigonga ile saa nikidhani imekufa. Nikapima gari langu mwenyewe kuhakikisha. Saa ilikuwa nzima. Nati ya kushoto ilikuwa pale ilipotakiwa kuwa, siyo pale nilipoiacha.

Sasa ningesema nini? Mzee, mbona haijalegea, wakati mimi niliilegeza?

"Ni kweli," nikamwambia. "Imelegea kidogo."

"Nilijua," akasema Clem, akageuza pipa.

Nikajifanya natengeneza kwa siku mbili kitu ambacho hakina ubovu. Alipokwenda kujaza maji kwenye madumu yake, nikalegeza tena jino moja.

Mwezi wa saba akarudi. Inaunguruma, akasema. Nikafungua, imekazwa.

Jasho likanitoka, na ulikuwa msimu wa baridi. Safari hiyo nilipolegeza, nikaweka nukta ndogo ya rangi nyekundu kwenye nati, ili niwe na ushahidi kwamba sijaanza kuchanganyikiwa. Nilimpigia hata Glenda nimwulize kama tangu zamani nilikuwa na dalili za kuchanganyikiwa. Akasema ndiyo, akanitakia siku njema.

Mwezi wa tisa Clem akarudi. Inaunguruma.

Nukta nyekundu ilikuwepo, lakini ilikuwa imesogea jino moja. Difu ilikuwa imerudi yenyewe mahali pake.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao bado naubeba. Badala ya kukaa chini nifikirie, badala ya kumwuliza mtu aliyekuwa amekaa mita mbili kutoka kwangu, nikataka kujua kama uchawi ule una kikomo.

Nikalegeza mawili.

Clem aliondoka Jumanne asubuhi. Alipunga mkono dirishani bila kugeuka, kama kawaida yake.

Huku kwetu, kila siku saa moja asubuhi, watu wa ranchi na vibanda wanaitana kwenye redio ya mawasiliano. Unataja jina lako, unasema upo, basi. Mwenye zamu ya kuita ni mke wa meneja wa Moolaroo.

Jumatano akaita jina la Clem. Hakujibu.

Akaita tena. Kimya. Akasema labda betri ya mzee imeisha, vijana wako mbali wanakusanya ng'ombe, wakirudi kesho atamtuma mmoja akamwangalie.

Kwao lilikuwa jambo la kawaida. Mimi peke yangu ndiye niliyejua idadi ya meno.

Sikumbuki kufunga mlango. Nakumbuka nilitupa nyuma ya gari madumu mawili ya maji, jeki kubwa na kipande cha bati nene, nikaendesha barabara ya Moolaroo kwa mwendo ambao ningemtukana mtu mwingine yeyote. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu. Nilikuwa namwomba Mungu ambaye sikuwa nimemsemesha tangu harusi yangu, namwambia achukue gereji, achukue chochote, aniachie yule mzee.

Kwenye geti la Moolaroo niliona alama za matairi yake. Hazikuelekea kibandani. Zilikata kulia kuelekea kisima cha kumi na moja.

Nikamkuta hapo, mita mia mbili kabla ya kisima.

Pikapu ilikuwa imeinama upande mmoja. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limetolewa, jeki imepinduka, na ule ubao aliouweka chini ya jeki ulikuwa umezama kwenye mchanga. Clem alikuwa amekaa nyuma ya gari, mgongo umeegemea tairi la akiba, miguu iko chini ya gari. Ngoma ya breki ilikuwa imelalia mguu wake, chini kidogo ya goti. Mfuko wake wa maji ulikuwa unaning'inia kwenye bampa ya mbele, mahali ambapo asingeweza kuufikia.

Alikuwa amekaa hivyo tangu Jumanne mchana.

Mfuniko wa difu ulikuwa umefunguliwa. Kando yake, juu ya kitambaa safi, kulikuwa na saa ya kupimia nzuri kuliko yangu, na kichupa cha rangi ya njano.

Nikapiga magoti. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alifungua jicho moja.

"Kijana," akasema. "Safari hii umelegeza mawili."

Nilimnywesha maji kwa kifuniko cha chupa, kidogo kidogo, mengine yakamwagikia shingoni. Nikaita kwenye redio, madaktari wa ndege wakaahidi kutua kwenye uwanda mgumu karibu na kisima. Nikaweka lile bati juu ya mchanga, jeki juu ya bati, nikaanza kuinua gari polepole. Daktari alinionya redioni nisiunyanyue mzigo ule haraka, kwa hiyo tulikuwa na muda mwingi wa kuongea. Ulikuwa muda mrefu kuliko wote niliowahi kuongea na mtu bila gari kuwa ndiyo habari yenyewe.

Akaniambia kwamba alikuwa fundi wa difu na gia boksi kwenye migodi ya Broken Hill kwa miaka thelathini.

"Nilikuwa nafunga difu wewe hujaota ndevu," akasema. "Mara ya kwanza nilidhani umezeeka, mkono umekosea. Mara ya pili nikajua."

"Ulijua nini?"

"Nilichokuwa nakijua mimi kuhusu mimi."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Alifumba lile jicho, nikadhani amezimia.

"Ningekuambia ungeacha," akasema. "Ungeacha, mimi ningekuja kwako kufanya nini?"

Akaeleza yaliyobaki kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vipuri. Kila mara alikuwa anafika nyumbani, anaegesha juu ya saruji, anakaza lile jino, halafu anahesabu wiki mpaka aweze kuja kuniambia inaunguruma. Jino moja lilikuwa linamfikisha nyumbani vizuri. Mawili hayakumfikisha. Difu ilianza kugonga kabla ya geti, akaona akilazimisha mpaka kibandani itakatikia katikati ya mchanga, akakata kuelekea kisima cha karibu, na ilipozidi kugonga akaamua kuikaza hapohapo njiani. Alijua kabisa ubao mmoja hautoshi. Alisema uzee umemfanya awe mvivu wa kuchimba.

Hakunilaumu hata kwa neno moja. Ningefurahi kama angenitukana.

Ndege ikaja, ikamchukua. Kule Adelaide wakamkata mguu chini ya goti.

Wiki mbili baadaye simu ya gereji ikalia. Alikuwa binti yake, Janine, ambaye sikuwahi kumwona. Alinishukuru mpaka sauti ikamkatika. Alisema baba yake amemweleza kila kitu, kwamba alikuwa anabadilisha tairi, jeki ikateleza, na mimi nikaacha kazi zangu nikamtafuta jangwani.

Anabadilisha tairi. Mzee alikuwa amenifichia siri.

Ningeweza kusema asante na kukata simu, na hakuna mtu duniani angejua. Nilisimama pale nimeshika simu, natazama lile pipa.

Nikamwambia ukweli. Wote, kuanzia jino la kwanza.

Nilisikia maji yakichuruzika kwenye sinki nyumbani kwake.

"Unaniambia," akasema, "kwamba mguu wa baba yangu umekatwa kwa sababu wewe ulitaka mtu wa kukaa naye?"

"Ndiyo."

Akakata simu.

Miezi mitatu iliyofuata sitaki kuieleza sana. Magari yalikuja, nikayatengeneza vizuri, yakaondoka na hayakurudi, kwa sababu ndivyo gari lililotengenezwa vizuri linavyofanya. Niliacha kuongea na jokofu. Niliacha kuongea kabisa. Nilikuwa nimemtaka mtu mmoja tu awe karibu nami, na nilikuwa nimempeleka mbali kwa spana yangu mwenyewe.

Mwezi wa kumi na mbili, Jumapili mchana, simu ikalia.

"Kijana."

Nikakaa chini kwenye saruji.

"Mzee," nikasema. Kisha, kwa sababu sikuwa na jambo jingine la kusema, kwa sababu mdomo wangu umefundishwa hivyo tangu utotoni, nikauliza: "Kimeharibika nini?"

"Hakuna kilichoharibika," akasema Clem. "Njoo tu."

Nikafunga gereji. Niliendesha kilomita mia tisa bila spana hata moja ndani ya gari, na njia nzima nilijisikia kama niliyetoka bila suruali.

Janine ndiye aliyefungua mlango. Alinitazama kuanzia kofia mpaka buti. Hakunisalimia. Akasogea pembeni, akasema yuko uani.

Clem alikuwa kwenye kiti cha turubai, blanketi magotini, amekonda. Kulikuwa na kiti kingine. Nikakaa. Hatukuwa na gari la kutazama wala kitu cha kushika, na mikono yetu wote wawili ikawa inatusumbua. Tulikaa hivyo kama nusu saa.

Nikaona bora niseme, hata kama ni kufa.

"Nilikuwa mpweke, mzee," nikamwambia. Lilikuwa neno ambalo sikuwahi kulitamka kwa mtu, hata kwa Glenda, na nadhani kama ningelitamka kwake angekuwa bado yuko nyumbani.

Clem hakunigeukia. Alikuwa anatazama uzio wa jirani.

"Najua," akasema. "Unadhani nani alikuwa anakaza?"

Sasa naenda kila baada ya miezi miwili. Janine bado hanipendi, na ana haki. Anachemsha maji, anaweka birika mezani, anaingia ndani, na mimi namimina mwenyewe vikombe viwili.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, kuna mtu umemfikiria wakati unasoma. Usimtafutie sababu ya kwenda kwake, na usingoje kitu chake kiharibike. Mpigie leo umwambie umemkumbuka. Utaona aibu kwa dakika moja au mbili. Mimi niliikwepa aibu hiyo, na mtu mwingine ndiye aliyelipa kwa mguu wake.